Vidirisha vya nyuma vya kufunguka kwenye Datsun 240Z: nilivyovitia vyangu mwanzo mpaka mwisho

Nianze na joto, maana bila ya joto nisingeigusa kazi hii. Mwezi wa January, kaskazi imekaza, saa saba mchana umekwama foleni ya Mwanakwerekwe hapa Unguja na mbele yako daladala inapakia mtu na mikungu yake ya ndizi, ndani ya 240Z hapakaliki. Gari nzuri kuitazama lakini nyuma ina kioo kikubwa kimelala kabisa kama mtu anaeota jua, na chini yake pahala pa mizigo pameachia wazi mpaka kwenye viti, kwa hivyo jua lote linaloingia pale linakuja kukukaa mgongoni. Milango miwili, vioo viwili vya kushuka, na vile vidogo vya nyuma ya mlango, vinavyochongoka kwa nyuma, havifunguki. Vimegandishwa tangu kiwandani. AC haina na mimi sitaki kuitia.

Gari yenyewe ni ya ami yangu, aliivusha kutoka Mombasa zamani, na nikipita nayo Darajani hakosi mzee mmoja wa kupiga kelele "hiyo gari ya Mehta hiyo!" Na hawakosei, 240Z ndo ilioshinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu ikarejea 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Sasa zile za rally zilikuwa zinakimbia porini madirisha wazi, vumbi halali. Mimi natoka Bububu nakwenda Fumba na shati la kazini.

Datsun wenyewe walilijua tatizo, maana ilipokuja 260Z ya viti vinne mwaka 1974 vidirisha vyake vya nyuma vinafunguka. Usifurahi lakini, havikai kwenye gari ya viti viwili. Ile ya viti vinne ni ndefu, ekseli mpaka ekseli ina milimita 2605 na yetu 2305, na paa lake limekaa vyengine kabisa, kwa hivyo hata ukivipata kwenye mtandao usivinunue. Inabidi utengeneze.

Upepo kwanza, drili baadae

Hapa ndo pahala ambapo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea, kwa hivyo nisome vizuri. Kidirisha cha pembetatu cha mbele, kile cha Morris Minor au Beetle, unakigeuza mpaka kinatazama mbele kinachota upepo na kukupiga nao kifuani. Kidirisha cha nyuma hakifanyi hivyo. Kimefungwa bawaba kwa mbele, kinafunguka kwa nyuma, na gari ikenda ule upepo unaopita ubavuni unakuwa na mvuto, unainyonya hewa ya ndani kuitoa nje. Hakiingizi, kinatoa. Ukikaa nacho karibu ukategemea kupulizwa utasema hakifanyi kazi, na kumbe kinafanya.

Sasa kama kinatoa lazima pawe na pa kuingilia. Kama njia za hewa za mbele, zile zinazopita kwenye dashibodi, zimejaa majani makavu na viota vya mavu kama zilivyokuwa zangu, hewa itatafuta njia nyengine, na njia iliyo rahisi kwenye gari hii ni mlango wa nyuma. Na nyuma ya 240Z ikiwa inakwenda kuna moshi wa ekzosi unazunguka pale pale, haukimbii. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma chini ya kioo, kufika 1971 yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni, ndo vile vibao vya duara vyenye herufi Z. Kwa hivyo ukitia vidirisha vya kunyonya kwenye gari ambayo raba zake za nyuma zimekufa, umejitengenezea bomba la kuvutia moshi ndani. Na moshi huo una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unaanza na kichwa kuuma na usingizi, na mtu analala kweli. Sikutishi, ila usianze na vidirisha. Anza kuziba nyuma.

Kuziba nyuma

Chana karatasi ya daftari vipande vyembamba. Weka kimoja kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, funga, kisha kivute. Kikitoka bila ya kukaza, pale raba imekufa. Zunguka mlango mzima kila baada ya kiganja kimoja na tia alama ya tepu pale palipolegea. Mimi nilikuta karibu nusu ya chini yote imelegea na nikabadilisha raba nzima, maana kujaza jaza silikoni pale ni ushamba, baada ya miezi miwili inabanduka.

Halafu toa taa za nyuma. Nyuma yake kuna gaskiti za sponji ambazo kwa umri wa gari hizi zimeshakuwa unga, ukizigusa zinamwagika. Nilikata mpya kwa sponji nyeusi iliyofumba, sio ile ya magodoro inayonyonya maji. Tundu zote zinazopitisha waya kwenye bati la nyuma zitie raba zake. Na upande wa kulia uliko mdomo wa tangi, bandua plastiki ya ndani utazame mipira ya mafuta, ikiwa imechanika kama kisigino cha mvuvi ibadilishe sasa hivi, kwa sababu ukishaanza kunyonya hewa na harufu ya petroli itakuja.

Ukimaliza, jaribio. Nilichukua chetezo cha mke wangu, kaa mbili na kipande cha udi, nikakiweka kwenye sinia la chuma juu ya tofali pale pa mizigo, gari imezimwa na imeegeshwa uso wake umepewa upepo wa baharini, milango imefungwa na kioo cha dereva kimeachwa wazi kidogo. Kaa nje uone moshi unatokea wapi. Ulitoka kwenye pembe ya chini ya mlango wa nyuma, kushoto, uzi mwembamba umesimama kama sindano, na pale pale nilipokuwa nimeapa kuwa pamekaza. Mke wangu akaja akasimama mlangoni, "Udi wa Eid huo unafukizia gari?" Sikuwa na jibu. Kama huna ujasiri huo tumia ubani wa rahisi, ila simama karibu na usiache kaa peke yake ndani ya gari.

Nyuma ikishaziba na njia za mbele zimesafishwa, ndo uje kwenye kazi yenyewe.

Kioo cha zamani, na kisa cha fundi

Toa plastiki za ndani kwa kisu cha mbao au cha plastiki, sio bisibisi, zimekauka na zinavunjika kama kaki. Tazama kioo kimeshikwaje, toa skrubu zote zinazoonekana, tia maji ya sabuni kwenye raba, na mtu awe nje ameshika taulo na wewe ndani unasukuma kwa viganja, taratibu, kuanzia pembe ya juu. Kikitoka kifunge na blanketi ukiweke juu ya kabati. Usikiuze na usikikate. Kazi yote ninayoeleza hapa haikati bodi hata inchi moja, ukitoa tundu chache za skrubu, na siku ukitaka kurudisha kama kiwandani unarudisha.

Mimi sikukifunga na blanketi. Nilifikiri nitatoboa kile kile cha zamani, tundu mbili za bawaba na moja ya komeo, basi. Nikampelekea fundi mmoja anaetengeneza makabati ya vioo. Nikamwambia, "Maalim, hichi kioo cha gari, hakitopasuka?" Akacheka, "Shekhe, mimi natoboa vioo wewe hujazaliwa." Akakilaza juu ya gunia, akamimina maji, akaanza na kidrili chake kidogo, na kweli kwa kama nusu dakika hakikufanya kitu, unaona unga mweupe tu unazunguka. Kisha pakasikika kama mtu kavunja kuni, na kioo chote kwa mara moja kikawa punje punje kama chumvi ya mawe, kimemwagika juu ya gunia na miguuni kwake, na yeye bado kashika drili hewani. Tukatazamana. Mpaka leo nikifagia uwanja napata punje.

Sababu ni kwamba vioo vya ubavuni vya gari ni vya tempa, vimechomwa halafu vikapozwa kwa ghafla ili vikivunjika visikate watu. Kioo cha aina hiyo kikishatoka kwenye tanuri hakikatwi wala hakitobolewi, tundu zinatiwa kabla. Ukitaka kujua kama ni cha tempa tafuta muhuri wake pembeni, au vaa miwani ya jua ile inayokata mng'aro, utaona madoa madoa kama ya chui. Nilibaki na kioo kimoja na somo moja.

Basi utumie nini? Kioo cha kawaida cha madirisha ya nyumba usitie, kikivunjika ni visu na abiria wako kichwa chake kipo karibu pale. Perspeksi, ile plastiki ya kuangaza ya mabango, inachanika kwenye skrubu. Unaweza kupeleka kigezo Dar wakukatie kioo, wakitoboe, halafu ndo wakitie tempa, na kama mfuko unaruhusu hiyo ndo njia bora kuliko zote, hakuna mjadala. Mimi nilitumia polikaboneti, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, ya milimita 5, ile imara isiyo na mashimo ndani, sio ile yenye vyumba vyumba wanayoezekea pagola za mahotelini. Ina ubaya wake, inakwaruzika, na ukinunua isiyokuwa na kinga ya jua baada ya misimu miwili inakuwa ya manjano kama samli. Kinga mara nyingi ipo upande mmoja tu, imeandikwa kwenye nailoni yake, na upande huo ndo unatazama nje. Uzuri wake ni kwamba unatoboa mwenyewe na inakubali kupinda kidogo kufuata bodi bila ya kuchomwa.

Vitu vya kutafuta

Polikaboneti nusu mita kwa mita inatosha pande zote mbili na ziada ya kuharibu. Bati la alumini la milimita 3. Raba ya mlango yenye tumbo, kimo chake kama milimita 10, ya EPDM, ile raba inayostahamili jua na mvua. Bolti za stenlesi za milimita 5 zenye kichwa cha mviringo, na hapa usifanye ubahili, nenda kwa wanaouza vifaa vya boti Malindi uulize za A4, stenlesi ya baharini, hizi nyengine za stenlesi ya kawaida kwa hewa yetu ya chumvi zinatoa machozi ya kutu mpaka rangi inachafuka. Washa za nailoni nyingi, yaani zile pete bapa zinazokaa chini ya bolti na nati. Bawaba nne ndogo na makomeo mawili ya kukunja, yale unayosukuma kwa kidole yakajikunja na kujikaza yenyewe.

Makomeo na bawaba usitengeneze. Van nyingi za Kijapani na gari ndogo za milango mitatu zina vidirisha vya nyuma vya kufunguka, na gari zilizokufa za aina hiyo tunazo kila kona. Mimi nilivipata kwenye van iliyokuwa imeota majani nyuma ya gereji moja. Chukua na vifuniko vyake vya plastiki na raba zake ndogo, na ufungue komeo mara kumi kumi hapo hapo kabla ya kulipa. Likiwa limelegea katikati, waachie wenyewe, litakugongea njia nzima.

Kigezo na fremu

Chukua boksi la sabuni, sio karatasi ngumu sana, lishindilie kwenye tundu kutoka nje, pitisha penseli kwa ndani kuzunguka ukingo. Kata. Rudisha. Kata tena. Kigezo changu cha tatu ndo kilikaa. Usichore upande mmoja ukaugeuza kwa upande wa pili, gari hizi hazikutengenezwa na roboti na yangu kushoto na kulia zinatofautiana milimita 4, kwa hivyo fanya vigezo viwili na uviandike KUSHOTO NJE, KULIA NJE, maana ukishavichanganya mezani huvijui tena.

Fremu ni pete ya alumini upana milimita 20 inayofuata umbo la tundu, inakaa kwa ndani na kuchungulia ndani ya tundu milimita 15 hivi pande zote. Juu yake ndo itakaa raba, na kidirisha kitailalia raba hiyo. Ikate kwa jigsoo yenye msumeno wa chuma, isawazishe kwa tupa, pembe zote ziwe za mviringo. Alumini na chuma zikigusana penye chumvi zinalana, kwa hivyo fremu ipige prima na rangi kwanza, na baina yake na bati tia tepu nyeusi laini ya lami, ile inayonata isiyokauka. Ifunge kwa skrubu ndogo kwenye tundu zilizopo za kushikia kioo cha zamani na plastiki za ndani. Kama lazima utoboe tundu mpya, ziwe kwa ndani zitakapofunikwa, na kila tundu ulitie prima ya zinki siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Kesho ya Zanzibar chuma kimeshakuwa chekundu.

Kukata na kutoboa kidirisha

Acha nailoni yake pande zote mbili mpaka mwisho kabisa. Kidirisha kiwe kidogo kuliko tundu, pengo la milimita 4 juu, chini na nyuma, lakini upande wa bawaba acha milimita 6. Sababu ya hiyo 6 niliijua kwa kuumia. Kidirisha kikifunguka kwa nyuma, ule ukingo wake wa mbele unaopita bawaba unaingia ndani kidogo, kama mlango wa nyumba uliotiwa bawaba katikati ya ubao. Ukiacha pengo dogo unakwangua rangi ya nguzo kila ukifungua. Yangu ya kushoto ilikwangua, nikairudisha mezani na tupa.

Na pengo lenyewe sio la bawaba tu. Plastiki hii inatanuka na joto kuliko chuma, kipande cha sentimita 40 kikipanda digrii 40 kinarefuka kama milimita moja nzima. Ndo maana na tundu za bolti zinatobolewa kubwa kuliko bolti, mimi kwa bolti ya 5 nilitoboa 7, na kati yake na ukingo ukaacha angalau milimita 14. Drili mpya yenye makali, mwendo wa pole, kipande cha mbao kimebanwa nyuma yake, na usisukume. Inapotaka kutokea upande wa pili ndo inapodaka na kupasua, pale achia mkono kabisa, iache ijile yenyewe. Usichimbe tundu kwa ajili ya skrubu ya kichwa bapa, ile kabari inaipasua polepole na utajua baada ya mwezi. Kila bolti, washa ya nailoni nje na ndani, na ukaze mpaka washa ishindwe kuzunguka kwa kidole, basi, robo raundi zaidi hapana.

Na jamani jamani, usiifute kwa petroli, wala tina, wala asitoni. Maji na sabuni ya vyombo. Nilimwachia kijana afute alama za tepu, akachovya kitambaa kwenye tina kama anavyofanya siku zote kwenye rangi, na ile plastiki ikaota ukungu na vichane vidogo mithili ya utandu, nikakata chengine. Ile gundi ya kuzuia nati isilegee nayo usiitie hapa, inaila vile vile, tumia nati zenye nailoni ndani.

Bawaba

Bawaba mbili upande wa mbele, na pini zao lazima ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka, hata kama ukingo wa kidirisha umepinda. Hilo ndo jambo pekee kwenye kazi hii lisilosameheka. Pini zikipishana, kidirisha kinajisokota kikifunguka na kikifungwa kinabaki wazi pembe moja, na utalaumu raba bure. Nilipitisha waya wa baiskeli, ule wa rimu, ndani ya bawaba zote mbili kabla ya kutoboa fremu, ukipita bila ya kupinda basi umenyooka. Banisha kwa klempu, fungua na funga kidirisha mara tano, ukiridhika ndo utoboe.

Kwa vile nguzo imelala, mstari wa bawaba nao unalala, kwa hivyo kidirisha kikiwa wazi kina uzito kinataka kujirudia. Usishangae. Komeo ndo linakishika.

Chini ya kila bawaba kwa ndani weka kipande cha chuma cha milimita 2 upana wa vidole viwili, uzito wa mtetemo wa barabara ya shamba usiuachie alumini peke yake.

Raba na komeo

Bandika raba kwenye fremu kwa gundi ya raba, tumbo litazame nje, usiivute wakati wa kubandika. Raba ikivutwa leo, kesho inarudi na kuacha mwanya. Ianze na iishie chini katikati, ncha zikatwe wima na zigusane kwa nguvu kidogo. Usiunge juu kwa sababu maji yanatoka juu, na usiunge mbele, nitasema kwa nini.

Komeo linakwenda nyuma kwenye ncha. Hapa bati la gari ni jembamba, halifiki milimita moja, kwa hivyo nalo linataka kipande cha chuma kwa nyuma kama bawaba. Kabla ya kutoboa, funga kidirisha, mtu akisukume kutoka nje mpaka raba ya milimita 10 ishuke ibaki kama 6 au 7, weka komeo likiwa limekunjwa na upige alama hapo. Ikishuka kidogo kuliko hivyo maji yanaingia. Ikishuka sana, komeo litahitaji nguvu za mchukuzi wa bandarini na polikaboneti itabinuka katikati kama papadi. Likifunguliwa lote, ukingo wa nyuma utoke sentimita 3 mpaka 4. Wengine wanataka 6 au 7, haina faida, ukishapita hapo unaongeza kelele tu na mvua.

Pengo la chini baina ya kidirisha na bodi usilizibe na kitu. Maji yatakayoingia kwenye pengo lazima yapate pa kutokea, na kila ukiosha gari pitisha mpira wa maji pale utoe chumvi na mchanga. Kwa gari hizi kutu ya nyuma ya mlango inaanzia ndani, ukiiona nje imeshamaliza kula.

Majaribio

Mpira wa maji kwanza, dakika kumi kila upande, mtu amekaa ndani na tochi na karatasi kavu chini ya kila pembe. Usielekeze maji kwa kasi kama wanaoosha daladala, mwaga tu kama mvua ya masika, kutoka juu. Yangu ya kulia ilitoa tone moja kwenye ncha ya nyuma, nikaongeza washa moja chini ya komeo, likaisha.

Kisha barabarani. Nilitoka na mpwa wangu amekaa kiti cha pili kashika uzi wa pamba urefu wa shubiri, nikamwambia, "Uweke karibu na kidirisha uniambie unakwenda wapi." Kufika 40 akasema, "Mjomba, unatoka nje wenyewe!" Umenyooka kabisa kuelekea kwenye mwanya. Tukauhamishia nyuma kwenye mlango wa mizigo, ukaning'inia tu, hautikisiki, na hilo ndo jibu nililokuwa nalitaka kuliko la kwanza. Kama kwako uzi wa nyuma unaelekea ndani ya gari, simamisha, funga vidirisha, shusha vioo vya milango, rudi kwenye raba za nyuma. Usiendeshe hivyo hivyo eti mpaka wikiendi.

Joto? Haikuwa friji. Gari ikisimama hakuna kitu, kidirisha kinanyonya ukiwa unakwenda tu, ila hata foleni ile hewa moto ya juu inapata pa kutokea kidogo. Ikianza kwenda, mgongo unakauka kabla sijafika Amaani, zamani nilikuwa nafika Fumba na kiti kimenata. Na sasa naweza kwenda kasi na vioo vya milango vimepandishwa nusu, bila ya kupiga kelele tukizungumza.

Kilichobaki ni mluzi. Upande wa kulia ukifika 80 unapiga kama birika, na ndo nikasema raba usiiunge mbele, maana kule mbele nilikounga mara ya kwanza upepo ulikuwa unaingia kwenye maungio na kuyapuliza. Nimehamisha maungio chini, mluzi umepungua lakini haujesha. Sasa nashuku bawaba ya juu imezidi washa moja, inakiinua kidirisha unene wa ukucha. Ijumaa baada ya sala nitaifungua.